Kutoka kamukunji hadi ukumbi wa wajumbe: uchaguzi wa wanafunzi Nairobi baada ya 2016

Mwanzoni mwa Aprili 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walikwenda debeni kuchagua viongozi wa chama chao, SONU. Babu Owino, ambaye tayari alikuwa amekikalia kiti cha mwenyekiti, akatangazwa mshindi kwa mara nyingine. Wapinzani wake wakayakataa matokeo wakidai wizi wa kura. Siku zilizofuata zilikuwa za mawe na vitoamachozi katikati ya jiji, ofisi za SONU zikachomwa, na tarehe 5 Aprili chuo kikafungwa kwa muda usiojulikana. Kabla mwaka haujaisha, Kenya ilikuwa na sheria mpya iliyomwondolea mwanafunzi wa kawaida kura ya kumchagua mwenyekiti wake moja kwa moja. Sasa anamchagua mjumbe, na mjumbe ndiye anayemchagua mwenyekiti.

Waliotetea mabadiliko hayo walikuwa na hoja mbili: vurugu na pesa. Kuhusu vurugu walikuwa na haki ya kulalamika. Kuhusu pesa walikosea hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Tunaifanya hapa kwa sababu wito wa kurudisha kura ya moja kwa moja haujakoma, na mara nyingi pande zote mbili hupigizana kelele za demokrasia na nidhamu bila mtu kuuliza mjumbe ni nani, amebeba kura za wanafunzi wangapi, na siku ya pili baada ya uchaguzi ana kazi gani.

Kiti na uzito wake

Anayeshangaa kwa nini watu warushiane mawe kwa ajili ya chama cha wanafunzi hajajua kiti cha SONU kilibeba nini. Titus Adungosi, mwenyekiti wake wa kwanza, alifungwa miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na akafia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke alichaguliwa 1987, akakamatwa mwaka uo huo, akahukumiwa miaka mitano kwa madai ya kuipelelezea Libya, na SONU ikapigwa marufuku. Wakati huo kuwa mwenyekiti kulikuwa kujiweka mkabala na dola.

Siasa za vyama vingi ziliporudi, hatari ya kiti ikapungua na faida yake ikapanda. Kuna ada ya chama ambayo kila mwanafunzi hulipa pamoja na karo. Kuna marupurupu na safari. Kuna kuingia katika vikao ambako chuo kinaamua mambo ya mabweni, mikahawa na nidhamu. Juu ya yote kuna ngazi ya kupandia. James Orengo alikuwa kiongozi wa wanafunzi Nairobi kabla ya kuingia Bunge mwaka 1980, na Babu Owino akawa mbunge wa Embakasi Mashariki katika uchaguzi wa Agosti 2017, miezi 16 tu baada ya moto ule. Mwanasiasa wa nje anayemfadhili mgombea wa chuoni hatoi sadaka. Ananunua mtandao wa vijana wanaojua kupanga watu, na anaununua mapema ukiwa bado bei nafuu.

Chini ya kura ya moja kwa moja, mfadhili huyo alikuwa na tatizo: wapiga kura walikuwa makumi ya maelfu, wametawanyika kampasi kuu, Chiromo, Kabete ya juu na ya chini, Kikuyu, Parklands na Hospitali ya Kenyatta, bila kuhesabu Mombasa na Kisumu. Huwezi kumhonga kila mmoja wao. Kwa hiyo pesa zilikwenda kwenye vitu vinavyoonekana: fulana, mabango, magari ya vipaza sauti, na kujaza kamukunji, yaani ule mkutano wa hadhara ambao makomredi, kama wanafunzi wanavyoitana, huuitisha wenyewe papo hapo. Kamukunji kubwa ilikuwa ushahidi kwamba mgombea ana watu, na kwa sababu hiyo kuivunja kamukunji ya mpinzani kulikuwa na thamani. Hapo ndipo wahuni wa kukodiwa walipopata ajira. Kisha ikaja kazi ya kukusanya matokeo. Debe likihesabiwa Kikuyu na fomu ikasafirishwa usiku hadi kampasi kuu, kila kilomita ya barabara ni nafasi ya tetesi, na mara nyingine si tetesi tu.

Vurugu basi zilitokana na vitu viwili: umati kuwa mtaji wa kampeni, na ujumlishaji wa kura usioaminika. Cha kwanza ni vigumu kukitibu bila kugusa mfumo. Cha pili kingeweza kutibiwa kwa fomu ya matokeo inayobandikwa mlangoni pa kila kituo, nakala kwa kila wakala, na sheria kwamba hesabu ya kituoni ndiyo ya mwisho. Wabunge walichagua kubadilisha mfumo mzima.

Sheria ilivyopangwa

Vyama vya wanafunzi viko chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Na. 42 ya 2012. Marekebisho ya 2016, yaliyoanza kutumika mapema 2017, yalipanua masharti yake kuhusu vyama hivyo, tena kwa vyuo vikuu vyote, si Nairobi peke yake. Wanafunzi wanagawanywa katika vikundi vya uchaguzi kwa idara, shule au kitivo, kama inavyofaa. Kila kikundi kinachagua wawakilishi watatu. Wawakilishi hao, ndani ya siku 30, wanachagua baraza la wanafunzi lenye watu saba: mwenyekiti, makamu wake ambaye lazima awe wa jinsia tofauti na mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina, na wanachama watatu wengine. Muda wa kukaa ofisini ni mwaka mmoja, na mtu anaweza kurudi mara moja tu.

Ukomo wa mihula miwili ndicho kipengele kilichofanya kazi bila mizengwe mingi. Kinasomeka kwa urahisi, hakihitaji tafsiri, na kilifunga mlango wa mwenyekiti wa kudumu aliyeongeza kozi ili aendelee kuitwa mwanafunzi. Kama sheria ingeishia hapo, ugomvi wa 2016 ungekuwa umepungua nusu.

Sharti la makamu wa jinsia nyingine nalo lina maana, lakini kanuni za chuo zisipolishughulikia mapema linaleta kizaazaa ukumbini. Nafasi hizo mbili zikipigiwa kura kila moja peke yake, wanaume wawili wanaweza kuongoza zote mbili, na hapo msimamizi wa uchaguzi atalazimika kumnyima ushindi mtu aliyepata kura nyingi. Njia salama ni mwenyekiti na makamu kugombea pamoja kwenye karatasi moja, kama rais na naibu wake. Hasara yake ni kwamba mwanamke huwekwa nafasi ya pili tangu siku ya kuunda mrengo, yaani kundi la wagombea wanaosimama pamoja. Si lazima iwe hivyo daima: mwaka 2021 chama kilichorithi nafasi ya SONU, UNSA, kilipata mwanamke wa kuongoza. Ila ukitazama mabango ya misimu mingi, utajua nani hutangulia kwenye picha.

Hesabu ya watu 91

Tuchukue chuo cha mfano, ili namba ziwe rahisi. Kina wanafunzi 24,000 na idara 60. Kila idara inatoa wajumbe watatu, kwa hiyo ukumbini watakaa wajumbe 180. Ushindi wa zaidi ya nusu ni kura 91.

Mpe mgombea shilingi 300,000 za kumwaga. Akizigawa kwa wanafunzi 24,000, kila mmoja anapata shilingi 12 na senti 50, ambazo hazinunui hata andazi. Akizigawa kwa wajumbe 91, kila mmoja anapata karibu shilingi 3,300. Kwa mwanafunzi anayesubiri mkopo uliochelewa wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hiyo ni kodi ya chumba ya wiki kadhaa au chakula cha mwezi. Pesa ni ileile, mtoaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni idadi ya wanaopokea, na kwa hiyo uzito wa mkono wa kila mmoja. Anayesema kupunguza wapiga kura kunapunguza rushwa ameipindua hesabu.

Na 91 ni pale kanuni inapodai zaidi ya nusu. Kama anayeongoza ndiye mshindi hata asipofika nusu, wagombea wanne wakigawana wajumbe 180, mmoja anaweza kushinda kwa 46 huku wenzake wakipata 45, 45 na 44. Hao 46 wanatoka idara 16 tu kati ya 60. Ndiyo maana katika msimu wa wajumbe utaona wagombea wengi wasio na matumaini wakijitokeza ghafla. Baadhi yao wamepelekwa na mrengo mwingine kugawa kura.

Sasa tazama ukubwa wa idara. Idara yenye wanafunzi 80 inatoa wajumbe watatu, mjumbe mmoja kwa wanafunzi 27 hivi. Idara yenye wanafunzi 1,600 inatoa watatu vilevile, mmoja kwa wanafunzi 533. Mwanafunzi wa idara ndogo ana uzito mara 20 ya mwenzake. Mratibu wa kampeni anayejua kazi yake hapotezi muda kwenye idara kubwa ya biashara au sheria. Anaanza na zile ndogo ambazo hata wahadhiri wake hawafahamiki nje ya jengo lao, kwa sababu kule watu 41 wanatosha kuchukua idara.

Tuifikishe hesabu mwisho wake. Idara 31 zinatosha kutoa wajumbe 93. Tuseme idara 31 ndogo za chuo chetu zina wanafunzi 150 kila moja, na nusu yao, 75, wanajitokeza kupiga kura. Mrengo ukipata watu 38 katika kila idara, umeshika kila mahali. Mara 31, jumla ni 1,178. Katika chuo cha watu 24,000, hiyo ni chini ya asilimia 5, na mwenyekiti ameapishwa kihalali kabisa.

Hesabu hii inategemea jambo moja dogo ambalo kanuni za vyuo hulipitia haraka: mwanafunzi kwenye idara anaweka alama ngapi? Akiruhusiwa kuweka tatu, kundi la watu 38 kati ya 75 linazoa viti vyote vitatu. Akiwekewa moja tu, kundi hilohilo haliwezi kuzoa vyote, kwa sababu kura zake zitabidi zigawanywe kwa watu watatu, na walio wachache wakiungana watapata angalau mjumbe mmoja. Kubadilisha "alama tatu" kuwa "alama moja" hakuhitaji kwenda bungeni. Kunahitaji mstari mmoja kwenye kanuni za uchaguzi za chuo, na ni mageuzi makubwa kuliko mengi yanayopigiwa kelele kwenye kamukunji.

Siku 30 za biashara

Katika kura ya moja kwa moja, mfadhili hajui mpiga kura wake ni nani. Katika mfumo wa wajumbe, anajua majina yote 180 jioni ileile matokeo ya idara yanapotangazwa, pamoja na namba zao za simu. Kuanzia hapo hadi siku ya kura ya pili, kila mjumbe anaishi chini ya mnada.

Mbinu hazikubuniwa chuoni. Wakenya wamewaona wawakilishi wadi wakisafirishwa hadi hoteli za Naivasha au Mombasa kabla ya kura ya kumwondoa gavana, wakizimiwa simu na kurudishwa kwa basi moja hadi mlangoni mwa bunge la kaunti. Kwa wajumbe wa wanafunzi ni hivyo hivyo kwa bajeti ndogo: nyumba ya wageni nje ya mji, usiku wa mwisho, nyama choma, na mtu wa kuhesabu vichwa asubuhi. Lengo la kuwafungia si ukarimu. Mjumbe aliyepokea pesa za mrengo wa kwanza anaweza kupokea za mrengo wa pili, kwa hiyo mnunuzi wa kwanza lazima ailinde bidhaa yake. Watanzania walilifupisha vizuri baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020, pale waliopewa ahadi za ushindi walipopata kura za kuhesabia vidole: wajumbe si watu wazuri. Hata hivyo, tabia hiyo ya kula huku na kule ndiyo kinga ya mwisho ya mfumo huu. Bila usiri wa kura ingekuwa haipo.

Sheria inasema "ndani ya siku 30". Haisemi zifike 30. Chuo kinaweza kufanya kura ya idara Jumatatu, kusikiliza malalamiko Jumanne na Jumatano, na kupiga kura ya wajumbe Jumatatu inayofuata. Vyuo hurefusha muda kwa sababu za ofisini: malalamiko ya idara kadhaa hayajaisha, ukumbi una mtihani, ofisi ya wanafunzi inakagua vyeti vya wagombea. Kila siku inayoongezwa ina bei yake nje ya ofisi hiyo. Kwenda mbio kupita kiasi nako kuna hasara: siku mbili zinampa ushindi aliyekuwa amepanga mrengo tangu likizo, na mgombea asiye na kundi hapati nafasi ya kusikika. Siku 7 zenye mdahalo mmoja mbele ya wajumbe wote zinatosha.

Ukaguzi wa wagombea una mtego wake. Kwa kawaida mgombea anatakiwa asiwe na deni la karo, asiwe na karatasi za kurudia, na asiwe na kesi ya nidhamu. Masharti hayo yana mantiki, ila ofisi ikitoa uamuzi usiku wa kuamkia kura, hakuna muda wa kukata rufaa na chujio linageuka rungu. Orodha ya waliopita na waliokataliwa, pamoja na sababu, ibandikwe kabla ya kampeni kuanza, na rufaa ipewe saa 48. Mwanafunzi aliyekataliwa kwa deni la karo apewe nafasi ya kuonyesha risiti. Wengi wa wanaokwama hapo hawadaiwi. Malipo yao tu hayajaingizwa kwenye mfumo.

Ndani ya ukumbi

Siku ya kura ya wajumbe ina hatari ambayo uchaguzi mkubwa hauna: wapiga kura ni wachache kiasi kwamba mtu anaweza kuwatambua kwa kura zao. Mtu aliyelipa 3,300 anataka uthibitisho, na kuna njia tatu za kuupata.

Ya kwanza ni picha. Mjumbe anaingia na simu, anaipiga picha karatasi yake, anaituma. Tangazo la "simu haziruhusiwi" halizuii kitu. Simu ziachwe mlangoni kwenye bahasha zenye namba, na kibanda cha kura kiwe kimezibwa mbele na pembeni lakini wazi kwa nyuma: karani anaona mikono ya mpiga kura, haoni alama.

Ya pili ni mnyororo wa karatasi. Mjumbe wa kwanza anajifanya kutumbukiza karatasi kumbe ametoka nayo tupu. Dalali anaijaza, anampa wa pili, ambaye anaitumbukiza na kutoka na ile aliyopewa ndani, na hivyo hivyo hadi wa mwisho. Dawa yake ni kipande chenye namba kinachochanika. Karani anaiandika namba anapotoa karatasi, anaikagua mbele ya debe, anakichana kile kipande na kukiweka kando, ndipo karatasi isiyo na namba inatumbukizwa. Namba isipolingana, karatasi ilitoka nje.

Ya tatu ndiyo ya kijanja kuliko zote, na watu wazima kabisa huisimamia bila kuiona. Karatasi moja ikiwa na nafasi zote saba, na kila nafasi ikiwa na wagombea watatu, zile nafasi sita zisizo za mwenyekiti zinaweza kujazwa kwa namna 729 tofauti. Wajumbe ni 180. Dalali anampa kila mjumbe mchanganyiko wake: wewe mchague wa pili kwa katibu, wa tatu kwa hazina, wa kwanza kwa michezo. Kura zinapohesabiwa kwa sauti, karatasi kwa karatasi, wakala anasikiliza tu. Mchanganyiko ule ukija na jina la mpinzani kwenye nafasi ya mwenyekiti, mwenye nao amejulikana. Uwazi wa kuhesabu hadharani, ambao wote tunausifu, hapo ndio unaovunja siri. Tiba ni karatasi tofauti kwa kila nafasi, kila moja na rangi yake na debe lake, zichanganywe na kuhesabiwa peke yake. Kama mwenyekiti na makamu wako karatasi moja, ni karatasi 6 kwa kila mjumbe, jumla 1,080. Zikikatwa nne kutoka ukurasa mmoja ni kurasa 270, chini ya rimu moja.

Mjumbe asiye na kazi

Haya yote hupunguza madhara. Chanzo kiko kwingine. Mjumbe wa kawaida huchaguliwa leo, hupiga kura baada ya wiki chache, na hapo kazi yake inakuwa imekwisha. Hana kikao kingine, hana ripoti ya kuandika, hana bajeti ya kukagua, na idara yake haina njia ya kumuuliza alimchagua nani. Mtu mwenye mamlaka ya siku moja ana bidhaa moja, na itaharibika jioni ya siku hiyo. Atakayemwambia asiiuze hana cha kumpa badala yake.

Katiba nyingi za vyama huwataja wajumbe kwenye sura ya uchaguzi na kuwasahau kwenye sura ya uongozi. Watu hao 180 wangeweza kuwa bunge la chama kwa mwaka mzima bila sheria ya nchi kuguswa. Wapewe kuidhinisha bajeti ya baraza mwanzoni mwa muhula, na mweka hazina asipeleke fomu ya malipo kwa ofisi ya wanafunzi bila kumbukumbu za kikao hicho. Wapewe mamlaka ya kumwita mwenyekiti ajieleze, na kumwondoa kwa theluthi mbili, yaani watu 120 katika chuo chetu cha mfano. Kila mjumbe asome mbele ya idara yake, ndani ya siku 14, kilichoamuliwa. Idara iweze kumbadilisha mjumbe wake wakati wowote kwa sahihi za nusu ya wanafunzi waliosajiliwa.

Je, mjumbe wa namna hiyo hahongeki? Anahongeka. Lakini hesabu ya mnunuzi inabadilika. Kumnunua siku ya uchaguzi hakumalizi kazi, kwa sababu mtu huyohuyo atakutana naye kwenye bajeti, kwenye safari ya kwanza yenye utata, na kwenye hoja ya kumwondoa. Italazimika kumnunua mwaka mzima. Na mjumbe mwenyewe anakuwa na kitu cha kulinda: jina lake idarani, pamoja na uwezekano wa kugombea mwakani.

Kuna pingamizi linalosikika sana kutoka ofisi za utawala, kwamba bunge la wajumbe 180 litakuwa kamukunji kwa jina jingine na litaleta migomo. Pingamizi hilo limekosea adui. Mgomo huzaliwa pale wanafunzi wanapogundua jambo limeamuliwa na hawana mahali pa kuliuliza, iwe karo, bei ya chakula au mabweni. Baraza la watu saba waliochaguliwa na watu 91 haliwezi kuwatuliza wanafunzi 24,000, kwa sababu hawalitambui kuwa lao. Utawala ulitaka kiongozi mpole ukapata kiongozi asiye na wafuasi, na huyo hana msaada wowote siku ambayo lango limefungwa kwa matairi yanayowaka.

Idara zikiunganishwa

Jambo la mwisho la kiufundi halizungumzwi kabisa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipanga upya muundo wake: vyuo vishiriki vya ndani viliondolewa, na shule na taasisi zikaunganishwa kuwa vitivo 11. Sababu zilikuwa gharama na utawala. Lakini mahali ambapo wapiga kura wa wanafunzi wanagawanywa kwa idara, shule au kitivo, anayeziunganisha anachora upya mipaka ya uchaguzi, atake asitake. Idara nne za wanafunzi 200 zilizokuwa na wajumbe 12 zikiwa idara moja zinabaki na watatu. Chuo chenye idara 60 kikiamua mwaka ujao vikundi viwe vitivo 11, wajumbe wanashuka kutoka 180 hadi 33, na ushindi ni watu 17. Zile shilingi 300,000 sasa zinampa kila mmoja zaidi ya 17,600.

Sheria inaruhusu mgawanyo wowote kati ya hiyo mitatu, "kama inavyofaa". Kinachofaa kinaamuliwa na nani, na lini, ndicho kitu ambacho katiba ya chama inapaswa kukifunga: kikundi cha uchaguzi kiwe idara, idara yenye zaidi ya wanafunzi 600 igawanywe kwa mwaka wa masomo, orodha ya vikundi na idadi ya wanafunzi wake itangazwe siku 60 kabla ya kura, na muungano wowote wa idara utakaofanywa baada ya tarehe hiyo uhesabike katika uchaguzi unaofuata.